Udongo, Mbegu na Kokoto: Habari za Kazi ya Mikono Katika Jericho

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetupa kazi ya kuwaeleza habari za kikundi cha ufinyanzi, nasi twajua ya kuwa wengi wenu mmekuja na swali moja tu moyoni: fedha zetu zilikwenda wapi? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwanza, kisha twaomba mtuvumilie tuseme na mengine, maana kabla ya kutawanyika mtatakiwa kuinua mikono, na si vema mtu kuinua mkono kwa jambo asilolijua.

Fedha ziliungua. Hatusemi kwa fumbo. Mwaka jana mlikubali kutoa fungu katika mfuko wa vijana ili wale wasio na kazi, pamoja na mama wachache, wapate udongo, kuni, na mahali pa kukalia. Walifinyanga vyombo arobaini na kimoja kwa muda wa wiki tano. Siku ya kuchoma, thelathini na viwili vilipasuka motoni, kwa mshindo uliowatoa watoto wa mtaa mbio wakidhani ni fataki. Vilisalimika tisa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioshika daftari, wala halikuwa la vijana. Tulikuwa tumekwisha kuahidi ya kwamba vyombo vitauzwa kabla ya Krismasi. Mvua za vuli hazikukoma, vyombo havikukauka, nasi tukaamuru vichomwe vivyo hivyo. Mama mmoja mzee, mzaliwa wa kando ya Ziwa, alikuwa amesimama akitazama. Alingoja hata moto ulipopoa, akaokota gae moja, akatuambia, “Wanangu, leo mmechemsha maji. Vyungu bado hamjachoma.”

Tulipokwisha kuona haya tulikwenda nyumbani kwake kumwuliza maana, naye alitufundisha mambo ambayo sisi wenye vyeti hatukuyajua. Baadaye tuliyatafuta vitabuni tukayakuta yale yale, yameandikwa kwa maneno mengi zaidi. Udongo wa mfinyanzi una maji ya namna mbili. Yako maji tuyatiayo sisi wakati wa kuukanda, ambayo hutoka kwa upepo na jua; na yako maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, ambayo hayatoki ila kwa moto mkali, kadiri ya digrii 500 hadi 600 za sentigredi. Hayo ya pili yakiisha kutoka, udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope, hata ukilazwa mtoni mwaka mzima. Lakini yale ya kwanza yakikutwa bado yamo, hugeuka mvuke kwa ghafula, na mvuke ukikosa njia hukipasua chombo. Ndiyo maana mfinyanzi wa zamani hakuwa na haraka. Alikianika chungu uvulini siku nyingi, akakigeuzageuza, na asubuhi ya kuchoma alikipasha moto kidogo kando ya jiko kabla ya kukiingiza katika kuni.

Kosa la pili lilikuwa udongo wenyewe. Ninyi nyote mliopata kuchimba shimo katika Eastlands mwaujua udongo wetu mweusi. Wakati wa mvua hushika viatu hata mtu akawa mrefu kuliko alivyoumbwa, na wakati wa kiangazi hufanya nyufa ambamo shilingi hupotea isionekane tena. Vijana waliuchanganya na ule ulionunuliwa, ili kupunguza gharama, nasi tuliwasifu kwa uangalifu wao. Walakini udongo uvimbao na kunywea kiasi hicho hupasuka hata kabla ya kuona moto. Dawa yake mama yule alituonyesha: vyungu vilivyovunjika hutwangwa kuwa chenga, na chenga hizo hutiwa katika udongo mpya, ili upate vitundu vya kupumulia na usinywee sana. Basi vile vipande thelathini na viwili havikutupwa. Vimetwangwa vyote, navyo vimo katika gunia lililo ghalani, na Mweka Hazina wetu ameviandika katika daftari kuwa mali ya Chama. (Wengine walicheka alipoviandika. Sisi hatukucheka.)

Sasa tuje kwa jambo lililoleta maneno mengi zaidi kuliko fedha, nalo ni umbo la vyombo hivyo. Katika mkutano mmoja mzee wetu aliuliza kama ni sawa kijana aliyemaliza shule aonekane akiokota mbegu na magome barabarani kama mtu aliyerukwa na akili. Tulinyamaza siku ile kwa heshima. Leo twaomba ruhusa kumjibu.

Vijana hawa hawana vitabu vya michoro, wala fedha za kununulia vigezo. Walikubaliana ya kwamba kila mmoja atakuja na kitu alichokiokota kati ya nyumbani kwake na ukumbi wetu, kitu kilichoanguka chenyewe, kisichokatwa mtini wala kung'olewa. Siku ya kwanza walileta takataka tu. Siku ya tatu macho yao yalikuwa yamefunguka. Mmoja alileta ganda la mbegu za mjakaranda, lile lililo bapa, lifungukalo kama kinywa cha kobe. Akafinyanga sahani mbili zinazofunikana, na watu wote waliliona ganda lile ndani yake bila kuambiwa. Mwingine alileta ganda la kibobakasi, mti ule wa maua mekundu, ambalo likikauka hupasuka likawa kama mtumbwi. Akafanya chombo kirefu cha kuwekea matunda. Binti mmoja alileta tunda la mbarika lenye miiba laini, akatoboa udongo kwa kijiti mpaka kibakuli chake kikawa na ngozi ile ile. Wengine waligandamiza majani upande wa mishipa, na mshipa mdogo kabisa ukabaki umeandikwa. Hata mbegu moja iliyosahauliwa ndani ya ukuta wa chungu iliungua ikaisha, ikaacha nafasi yake iliyo sawasawa na umbo lake. Chungu hicho ni kimoja katika vile tisa.

Mzee wetu atasema, hayo ni mageni. Twamwomba akumbuke chungu cha mama yake. Nakshi za shingoni zilifanywa kwa nini, kama si kwa gunzi la mahindi lililovingirishwa juu ya udongo mbichi, au kwa kamba ya majani iliyosokotwa? Kiling'arishwa kwa nini, kama si kwa kokoto laini ya mtoni, ambayo mama alimrithisha binti yake kama mwingine arithishavyo shanga? Na umbo la mtungi limetoka wapi, kama si katika kibuyu? Mjaluo akisema agulu, Mkikuyu nyungu, na Mkamba mbisu, kila mmoja aona moyoni kitu cha mviringo kilichofanana na tunda. Wafinyanzi wetu waliokota tangu zamani. Sisi ndio tuliosahau kuinama.

Liko na neno jingine, nalo ni zito zaidi. Kwa makabila mengi yaliyomo humu ukumbini, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na mahali pengine mwanamume hakuruhusiwa hata kukaribia panapofinyangwa. Wazee wawili walitukumbusha desturi hiyo, nasi hatukuidharau. Tulizungumza na mama wa kikundi faraghani, wakajibu ya kwamba wao watashika ualimu, na vijana wa kiume watakuwa wanafunzi, na watakaa upande wa pili wa turubali mpaka waitwe. Hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Kama wazee wataona haitoshi, twataka watuambie hapa hapa, si njiani.

Tusidhani kuwa kazi hii ni ya watu waliokosa kazi nyingine. Mwaka 1950 alizaliwa hapa Nairobi binti aitwaye Magdalene Odundo. Alikwenda Uingereza kusomea sanaa, na mwaka 1974 akafika Abuja, katika Nigeria, penye shule ya ufinyanzi, ambako aliwakuta wanawake wakijenga mitungi kwa mikono mitupu, bila gurudumu. Mmojawapo wa waalimu wa mahali pale alikuwa Ladi Kwali, ambaye alichora mijusi, nge na samaki juu ya mitungi yake, na ambaye leo picha yake imo katika noti ya naira ishirini. Odundo aliishika njia hiyo ya mikono. Hupandisha udongo kwa kamba moja juu ya nyingine, huusugua mpaka ung'ae, kisha huuchoma ukawa mwekundu. Na akitaka uwe mweusi, huuchoma mara ya pili mahali paliponyimwa hewa. Vyombo vyake vimo katika majumba makubwa ya ukumbusho ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Dame. Ukivitazama waona kibuyu, waona shingo ya mwanamke, waona tumbo la mama mjamzito, na hakuna hata kimoja kilichofanana kabisa na kitu chochote kati ya hivyo.

Karibu zaidi nasi, pale Karen, Bibi Susan Wood alianza mwaka 1975 kufanya shanga za udongo pamoja na wanawake wawili, akaziita Kazuri; kazi ile ilikua hata ikawalisha wanawake mamia. Na kama hata huko ni mbali, basi kila mmoja atazame jiko lake la makaa. Jiko lile lenye kiuno, lililoanza kuenea katika miaka ya 1980, bati lake hugongwa na mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji, lakini kinachotunza moto na kupunguza makaa ni ule udongo uliochomwa uliomo ndani. Hakuna aliyecheka udongo huo alipoona gunia la makaa likikaa siku nyingi zaidi.

Iko hadithi moja ambayo twapenda kuisema kwa sababu ya jina la mtaa wetu. Katika miaka ya 1950 Bibi Kathleen Kenyon, mchimbuzi wa mambo ya kale, alichimba katika Jericho ile ya Palestina. Aliona ya kwamba watu walikaa pale katika mji wenye ukuta na mnara wa mawe kwa maelfu ya miaka kabla hawajajua kufinyanga chungu hata kimoja. Jericho ile ilichelewa. Sisi tumechelewa kwa mwaka mmoja.

Walakini hatutaki kuwapaka asali midomoni. Mwawajua wachongaji wa Kikamba walioko Gikomba. Ufundi ule uliletwa Wamunyu na Mutisya Munge, ambaye alijifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nao umewasomesha watoto wengi. Lakini mpingo na muhugu zilikatwa hata zikawa haba, na wachongaji wengine wakalazimika kugeukia mwarobaini. Ndiyo sababu sharti la kuokota kilichoanguka tumeliandika katika kanuni za kikundi. Tena wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na neno hilo bado ni kweli. Hakuna kijana atakayejenga nyumba kwa vibakuli. Vyombo tunavyoweza kuchoma kwa kuni ni vya moto mdogo. Hupitisha maji kidogo kidogo, jambo lililo jema kwa mtungi, kwa kuwa maji yatokayo nje hupoza yaliyobaki ndani, lakini si jema kwa kikombe cha chai. Hatutawauzia watu vikombe.

Basi twaomba nini? Fedha za misiba hatuzigusi. Mweka Hazina amelisema hilo kwa sauti kubwa, nasi twamwunga mkono, maana sote tumewahi kuona jinsi familia inavyofadhaika maiti ikiwa safarini. Twaomba fungu dogo tu katika mfuko wa vijana, la kununua matofali ya kujengea tanuri fupi lenye kifuniko. Siku ile tulichoma nje penye uwazi, na moshi uliingia katika nguo zilizoanikwa. Mama mmoja wa nyumba za nyuma alifua shuka zake mara mbili, nasi tulikwenda kumwomba radhi. Twaomba pia kutumia ghala la Chama kwa kuanikia vyombo, mwezi mmoja mzima kabla ya kila moto, na ufunguo ukae kwa yule mama mzee tuliyemtaja, si kwetu sisi. Yeye ndiye atakayesema vimekauka. Kwa kazi hiyo alipwe kitu kila mwezi, hata kama ni kidogo, kwa kuwa mwaka uliopita tulimlipa watu walionunua kuni na hatukumlipa aliyejua.

Halmashauri yenyewe imegawanyika katika jambo hili, wanne kwa watatu, na hatukuona vema kuwaficha. Vile vyombo tisa vimewekwa juu ya meza karibu na mlango. Wazee wanaombwa wapite wavishike kwa mikono kabla ya kura. Kile chenye nafasi ya mbegu kina ufa chini, kwa hiyo asitie mtu maji.