Tuwafundishe watu wetu miti yao

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Ushirombo)



Leo hatukuja kuuza kadi. Tumekuja kusema habari ya msitu, na wale waliocheka tuliposema hivyo sokoni twawakaribisha wakae mbele.

Shinyanga ilikuwa nchi ya pori. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ililifyeka ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikala sehemu nyingine, na mifugo ikazidi. Halafu mwaka 1974 na 1975 watu walihamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao nyuma, na kitu kisicho na mwenyewe kila mtu hukikata. Mwalimu Nyerere alipoizuru mwaka 1984 aliona nchi inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ndio HASHI, na sisi wa Bukombe tulikuwamo, maana siku zile tulikuwa mkoa huo. Mwaka 2012 tuliwekwa Geita. Lakini tulihama katika karatasi tu, udongo ulibaki ulipo.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni mpango ule ulikazania vitalu na miche ya kigeni, na watu hawakuvutiwa sana. Mambo yalibadilika wataalamu walipowauliza wazee, nao wakataja ngitili. Vijana wengi hapa hawaijui. Ni malisho yaliyofungwa: mvua zikianza mifugo haiingii, kiangazi kikikaza hufunguliwa, kwanza kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wa jembe. Elimu ikapelekwa katika dagashida, mkutano wa watu wenyewe, ambako sheria hutungwa na mvunjaji hutozwa faini mbele ya wenzake. Mwaka 1986 ngitili zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Na sehemu kubwa haikupandwa! Mizizi na visiki vilikuwa hai chini ya ardhi, vikingoja ng'ombe waondolewe tu.

Basi, Ushirombo je? Sisi tungali na miti, na ndiyo hatari yenyewe. Twakata kuni za kukaushia tumbaku, magogo ya kuzuia kuta za mashimo ya dhahabu, na mkaa. Hata warina asali, tunaojivunia, wengine humchuna mti gome lote kwa ajili ya mzinga mmoja, na mti ule hufa.

Twasema elimu ianze kwa watu wazima, maana shoka li mikononi mwao. Mtoto aliyefundishwa shuleni kutokata, kisha babake akamtuma kukata, atamtii babake, na ni haki yake.

Kwa walimu twasema kwa heshima: wengi wenu mmetoka mikoa mingine, hamjui mninga na mtundu. Si aibu. Lakini wapo wazee hapa wanaojua jina la kila mti na dawa yake. Waiteni darasani. Mtoto akitumwa kuni za shule, aulizwe ameokota mti gani na utarudi baada ya miaka mingapi. Hilo ni somo tayari.

Na akina mama mnaosaga na kuosha mawe, hili lawahusu zaidi. Zebaki ile huchomwa nyumbani juu ya jiko la ugali, watoto wakiwa karibu, na moshi wake hauonekani. Huko Minamata, Ujapani, zebaki ya kiwanda iliingia katika samaki, na watoto wakazaliwa vilema. Mwaka 2013 mataifa yakafanya mkataba yakauita kwa jina la mji huo. Kwetu mabaki ya karasha huelekea mtoni mvua ikinyesha. Ni nani amewaambia?

Twaomba kila tawi lichague wazee wawili wanaojua miti na mama mmoja anayejua kazi ya karasha, na majina yaletwe kwa katibu kabla ya mvua za vuli.