Sheria ni Msumeno

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya mapatano ya nchi mbili kurudishiana watu walioshtakiwa.

Mwivi wa jirani akikimbilia kwako, nawe ukamrudisha, watazamia ya kuwa mwivi wako naye atarudishwa akikimbilia kwake. Hiyo ndiyo haki ya ujirani.

Mwaka 2003 Uingereza na Marekani zilitia sahihi mapatano ya namna hiyo. Waingereza wengi walinung'unika, wakisema mizani imelala upande mmoja: Marekani ilitakiwa kuonyesha sababu ya kumshuku mtu tu, bali Uingereza ilitakiwa kuonyesha sababu ya kuamini kwamba ametenda kosa. Mwaka 2011 Jaji Sir Scott Baker alilichunguza neno hili, akaona kuwa tofauti hiyo si kubwa.

Lakini Agosti 2019 kijana wa miaka 19, mpanda pikipiki, aligongwa na motakaa huko Northamptonshire akafa. Dereva alikuwa mke wa mtumishi wa serikali ya Marekani, naye akarudi kwao. Uingereza ilipomtaka, Marekani ilikataa Januari 2020, ikisema alikuwa na kinga ya kibalozi. Mwaka 2022 mahakama ya London ilimhukumu kifungo kilichoahirishwa, naye hakutoka Marekani.

Basi maneno ya mapatano hayatoshi. Wazazi waliofiwa hawapimi haki kwa karatasi, huipima kwa matendo. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ukikata upande mmoja, si msumeno tena.