Mwalimu Mpya ni Amana ya Mji Mzima

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu, na tunamwomba rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad s.a.w., jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu Waislamu, wazee wangu na mama zangu, leo nimeombwa nizungumze juu ya mwalimu mgeni anayeanza kazi. Kila mwaka vijana wa kike na wa kiume hupangiwa vituo katika shule za wilaya zetu. Huteremka katika basi na sanduku moja na barua ya ajira mkononi, katika mji wasiomjua mtu. Baadhi yao hukaa na kuwa walimu wazuri. Wengine baada ya muda mfupi huanza kutafuta uhamisho, na wengine huiacha kazi hata kabla hawajaijua. Anayepata hasara ya kwanza ni mtoto aliyebaki darasani bila mwalimu, na mtoto huyo ni wangu na wako.

Tuanze na mwenendo wa Mtume s.a.w. Baada ya ahadi ya kwanza ya Aqaba, watu wa Madina walihitaji wa kuwasomesha Qur'an Tukufu. Mtume s.a.w. akamtuma Mus'ab bin Umair r.a., kijana aliyelelewa katika neema pale Makka kisha akayaacha yote kwa ajili ya dini. Mus'ab hakutupwa Madina ajitafutie. Alipokelewa na As'ad bin Zurara r.a., akakaa nyumbani kwake, naye As'ad akamtembeza katika makabila, akimweleza huyu ni nani na yule ni nani, na nani akisikia basi watu wake nao watasikia. Mwaka uliofuata, katika ahadi ya pili ya Aqaba, watu wa Madina waliokuja kwa Mtume s.a.w. walikuwa zaidi ya 70. Sisi humsifu sana Mus'ab, na anastahiki. Lakini ni mara ngapi tunamkumbuka As'ad, mwenyeji aliyempa mwalimu chumba, chakula na majina ya watu?

Tazameni pia Mu'adh bin Jabal r.a. alipotumwa Yemen. Imepokelewa kwamba Mu'adh alikuwa amepanda mnyama, na Mtume s.a.w. akitembea kwa miguu kando yake huku akimuusia. Alimweleza anakwenda kwa watu wa namna gani, aanze na jambo gani, na wakilikubali hilo ndipo aingie la pili, kisha la tatu. Yeye na Abu Musa r.a. waliusiwa wawarahisishie watu wala wasiwatie uzito. Katika safari hiyo mwalimu alisindikizwa, akaelezwa hali ya wanafunzi wake, akapewa mpango wa kazi hatua kwa hatua. Haya ndiyo ambayo wataalamu wa elimu wa leo wanayaandikia vitabu vinene, na wanasema kuwa mwalimu mpya akiyakosa huvunjika.

Ndugu zangu, wenzetu wa nchi nyingine wamelishughulikia jambo hili kwa utaratibu. Katika mji wa Toledo, huko Ohio nchini Marekani, tangu mwaka 1981 chama cha walimu na uongozi wa shule za wilaya walikubaliana kuwa walimu hodari waondolewe madarasani kwa muda wa miaka isiyozidi 3, wawe na kazi moja tu ya kuwalea walimu wapya. Mlezi huingia darasani, huketi nyuma, hutazama, kisha hukaa na mgeni wake kumwonyesha alipofanya vizuri na alipoteleza. Mwisho hutoa taarifa mbele ya baraza la pamoja la chama na wilaya, nalo huamua kama kijana yule aendelee na kazi. Katika jimbo la California, sheria ya mwaka 1998 ililifanya lelezi hili kuwa sehemu ya safari ya mwalimu kupata cheti chake kamili, kwa kawaida kwa muda wa miaka 2. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Marekani, Richard Ingersoll na Thomas Smith, walionyesha kuwa walimu wapya waliopewa mlezi wa somo lao, na waliopata nafasi ya kupanga kazi pamoja na wenzao, walikuwa wachache kuacha kazi kuliko walioachwa peke yao.

Msidhani haya ni mageni kwetu. Wazee mliopo hapa mnakumbuka zama za Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974. Shule zilifunguliwa kila kijiji na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wafundishe huku wakijifunza. Walisomeshwa kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, wakazungukiwa na wakufunzi shuleni kwao, na mwisho wakaingia chuoni kwa majuma machache. Wapo waliowadharau na kuwaita walimu wa UPE. Ni kweli kwamba elimu yao ilikuwa ndogo. Hata hivyo walikuwa na mtu wa kuwazungukia na kuwauliza, na wapo waliokaa katika vijiji vile mpaka wakastaafu.

Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, na shule za kata zikaota kama uyoga. Vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na leseni ya kufundisha. Watu waliwacheka kwa kuwaita "voda fasta", kwa jina la huduma ya simu. Wengi walipelekwa katika shule ambazo mwalimu mzoefu alikuwa mmoja au hakuwapo kabisa. Basi nani angemlea nani? Tuliwacheka vijana, na kicheko hicho hakikuwaongezea walimu wale ujuzi hata kidogo.

Hivi sasa utaratibu upo. Mwalimu mpya wa serikali huanza na kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Serikali imeanzisha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayojulikana kama MEWAKA, ambayo huwataka walimu wa shule moja, na wa kata moja, wakutane katika jumuiya za kujifunza ili wajadili masomo yanayowatatiza. Wapo Maafisa Elimu Kata na wadhibiti ubora. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hayo, na tunawaombea wanaoyasimamia.

Lakini karatasi ni jambo moja na darasa ni jambo jingine. Miezi 12 ya majaribio yaweza kupita kijana akitazamwa tu kama amefika kazini au hakufika, bila mtu kuketi nyuma ya darasa lake hata mara moja. Afisa mmoja wa kata ana shule kadhaa na barabara mbaya. Mwalimu mkuu ameelemewa na mitihani, mahesabu na wageni. Na mara nyingi mgeni ndiye anayepewa mzigo ambao wenyeji wameukimbia, yaani darasa lenye watoto wengi kuliko yote. Anajua kuandika azimio la kazi na andalio la somo kama alivyofundishwa chuoni. Hajui afanye nini na watoto 100 katika chumba chenye madawati ya 40, wala hajui kwa nini mtoto fulani husinzia kila siku saa nne. Mwenyeji anajua kuwa mtoto yule huamka alfajiri kwenda kuteka maji kabla ya kuja shule.

Wako wanaosema: "Mwalimu ni mtumishi wa serikali, analipwa mshahara, sisi yanatuhusu nini?" Jawabu ni kwamba mshahara ni haki yake kwa mwajiri, na ujirani ni haki yake kwetu. Halmashauri inaweza kumlipa, lakini haiwezi kumjulisha kwa bibi jirani wala kumwambia kisima gani ni salama. Haya ni yetu. Wala kazi hii haituondolei haki ya kuidai halmashauri itimize wajibu wake. Wajumbe wetu katika kamati za shule waulize: mwalimu huyu mpya mlezi wake ni nani kwa jina? Amekwisha kutazamwa akifundisha mara ngapi? Swali hili liulizwe kwa adabu, na liulizwe kila mkutano.

Wengine huuliza: "Na kama mwalimu huyo si Mwislamu?" Ndugu yangu, haki ya jirani haikubaguliwa. Mtume s.a.w. aliwatendea wema majirani wa dini nyingine, na baada ya vita vya Badr baadhi ya mateka wa Makka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Ikiwa adui aliyeshikwa vitani alipokelewa kama mwalimu, itakuwaje kijana aliyekuja kwa amani kumfundisha mwanao hesabu? Tumsaidie bila masharti. Tabia yetu njema ndiyo itakayomwambia Uislamu ni nini.

Sasa nawaomba mambo manne.

Kwanza ni makazi. Shule nyingi hazina nyumba za walimu za kutosha, na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa. Kila msikiti uwe na watu wawili au watatu watakaomtafutia mgeni chumba cha heshima na kuhakikisha hapiti usiku na njaa. Mwalimu wa kike apokelewe na kina mama wetu, akae penye familia. Na nisema wazi: mwanamume asiyemhusu asimwendee kwa kisingizio cha msaada. Mabinti wengi wameomba uhamisho kwa sababu ya jambo hili, na wakaona haya kulitaja. Aibu hiyo ni ya mji, si ya binti.

Pili ni ulezi. Miongoni mwetu wamo walimu wazoefu na walimu wastaafu. Ninyi mna hazina msiyoitoa zaka. Muombeni mwalimu mkuu ruhusa, keteni na kijana baada ya masomo mara moja kwa wiki. Mlezi asiwe mpelelezi. Anachokiona darasani asikipeleke barazani, kwani kijana akijua kuwa makosa yake yanasimuliwa kwenye kahawa hatamfungulia mtu mlango tena.

Tatu, tuanze na nyumba yetu wenyewe. Katika vyuo vya zamani vya pwani mwalimu alikuwa na khalifa wake, mwanafunzi mkubwa aliyesomesha wadogo huku akiongozwa, mpaka siku aliyoweza kusimama peke yake. Leo madrasa zetu nyingi humchukua kijana aliyehitimu jana, zikampa watoto 60 na fimbo, kisha zikamsahau hata posho yake. Tutaidai vipi halmashauri tusilolifanya msikitini? Kila madrasa yetu impe mwalimu mpya mkubwa wa kumwongoza kwa mwaka mzima.

Nne ni kwenu, vijana mnaoanza kazi. Kuuliza hakumshushi mwalimu. Nabii Musa a.s., pamoja na cheo chake cha utume, alifunga safari ndefu ili ajifunze kwa mja mwema, kama ilivyoelezwa katika Suratul Kahf. Alipokosa subira aliambiwa, naye alikubali kuambiwa. Basi mkubali nanyi.

Ndugu zangu, shule zitakapofunguliwa atateremka mtu katika basi. Huenda mwanao atasoma kwake miaka mingi, au huenda ataondoka kabla ya muhula wa pili. Sehemu ya jambo hilo imo mikononi mwa wilaya, na sehemu imo mikononi mwetu, nasi tutaulizwa juu ya sehemu yetu.

Mwenyezi Mungu awape walimu wetu subira na ujuzi, awape wanetu usikivu, na atujaalie tuwe wenyeji wema kama As'ad bin Zurara. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.