Ushahidi wa Mazingira: Maana na Matumizi Yake



Katika mikutano yetu huulizwa mara kwa mara: "Ikiwa hakuna aliyemwona mwizi, polisi mtamshitaki vipi?" Jibu limo katika kivumishi kimoja cha Kiingereza kisikikacho sana mahakamani: "circumstantial". Asili yake ni Kilatini, yaani mambo yanayosimama kulizunguka jambo. Kwa Kiswahili twasema ushahidi wa mazingira. Na hapa mazingira si miti wala mito, ni hali zote zilizolizunguka tukio.

Aliyeona kwa macho yake ng'ombe akifunguliwa zizini hutoa ushahidi wa moja kwa moja. Lakini nyayo zinazoishia uani mwa mtu, kamba iliyokatwa, ngozi mbichi iliyofukiwa, hivyo huashiria tu. Kila kimoja ni uzi. Nyuzi zikisokotwa huwa kamba iwezayo kumfunga mkosaji.

Hata hivyo, kamba hiyo haina budi kupimwa. Mwaka 1958, katika kesi ya Simon Musoke, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishikilia kanuni ambayo mahakama za Uganda huifuata hadi leo: mshitakiwa hatiwi hatiani kwa ushahidi huu ila mambo yaliyothibitishwa yawe hayapatani kabisa na kutokuwa na hatia kwake, wala hayaelezeki kwa njia nyingine ya busara. Mahakama huonya pia kwamba ushahidi wa namna hii waweza kutungwa. Ngozi yaweza kufukiwa usiku uani mwa mtu na adui yake.

Ndipo lilipo ombi letu. Umati unaomchoma mtu kwa sababu nyayo ziliishia mlangoni pake huua kwa dalili isiyopimwa na yeyote, na miguu yao hufuta nyayo ambazo zingetufikisha kwa mwizi. Mkiona dalili, msiziguse. Zuieni watu na mifugo wasipite, mwiteni mwenyekiti, pigeni 999. Nyayo zikivuka mpaka, msizifuate kwa mapanga. Tuarifuni, nasi tutawasiliana na wenzetu wa Kenya.

Wahenga walinena: dalili ya mvua ni mawingu. Walisema dalili, hawakusema kila wingu hunyesha.