Nani Anayekutibu? Muuguzi na Tabibu Katika Zahanati Zetu

(Mazungumzo na viongozi wa walei)



Kwetu, kila avaaye koti jeupe huitwa "daktari". Ni heshima, wala sina ugomvi nayo. Lakini heshima hiyo hutuficha jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kulijua: huyu aliye mbele yangu amefundishwa kufanya nini?

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1965, Marekani ilipopungukiwa na madaktari, zilifunguliwa njia mbili. Huko Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianza kuwaendeleza wauguzi ili wapime na kutibu. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Duke, daktari Eugene Stead aliwapokea wanafunzi wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini, awafundishe kuwa wasaidizi wa daktari. Hadi leo njia hizo hazijaungana. Wa kwanza hutoka katika uuguzi, na tangu masomoni huchagua kundi la wagonjwa, mathalani watoto au wazee. Katika majimbo mengi anaruhusiwa kutibu bila kusimamiwa na daktari. Wa pili hufundishwa tiba kwa jumla, kwa mtindo wa chuo cha udaktari. Aweza kuhama kutoka upasuaji hadi magonjwa ya moyo, na aghalabu kazi yake imefungamana na ya daktari.

Hapa Tanzania tunaye afisa tabibu, mwenye stashahada ya miaka mitatu: hupima, hutambua ugonjwa, huandika dawa. Huyu anamkaribia yule wa Duke. Muuguzi wetu hutunza, huchoma sindano, huzalisha, na usiku ndiye wa kwanza kuona hali ya mgonjwa ikibadilika. Kazi yake si ndogo kuliko ya tabibu, ila ni nyingine. Hata mabaraza yanayowasimamia ni tofauti.

Sasa niseme lililonileta. Miaka kadhaa iliyopita nilitia sahihi barua ya kumlalamikia muuguzi wa zahanati moja. Alikataa kumwandikia dawa mtoto mwenye homa, akamwambia mama aende kituo cha afya, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Tulimwita mkatili. Baadaye nikapata habari kwamba zahanati ile haikuwa na tabibu kwa miezi mingi, na muuguzi yule alikuwa peke yake usiku na mchana. Angeandika dawa asiyoijua vema, mtoto akadhurika, tungemshitaki vilevile. Barua yetu ilipaswa kupelekwa kwa wenye wajibu wa kupanga watumishi. Nilimwomba radhi, alinipokea kwa upole ulioniaibisha zaidi.

Basi ninyi mlio katika kamati za zahanati, kikao kijacho ombeni orodha ya watumishi. Ulizeni tabibu ni wangapi, wauguzi wangapi, na usiku wa Jumapili hubaki nani.