Ujue Ugonjwa wa Injini Kabla ya Kulipia Dawa
Hotuba kwa wananchi na waendesha pikipiki wa Mururu



Leo sikuja kuzungumza juu ya mwendo kasi wala kofia ngumu, ingawa mambo hayo hayajapoteza uzito wake. Nimekuja kuzungumza juu ya jambo linaloanzia kwenye gereji na mara nyingi likaishia mbele ya polisi: pikipiki iliyokwisha kutumika, injini yake, na mkono wa fundi anayeifungua.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pikipiki iliyotumika kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na gereji yake. Aliniahidi kwa mdomo kwamba ikiharibika ndani ya miezi mitatu ataitengeneza. Haukupita muda mrefu ikaanza kutoa moshi wa buluu. Nikairudisha. Yule bwana aliutazama moshi, akatikisa kichwa, akasema injini imekwisha. Hakufungua hata skrubu moja. Akaniambia nichangie nusu ya gharama ya injini nyingine. Nikalipa. Siku ya tatu nikaichukua ikiwa inanguruma vizuri, nami nikashukuru.

Baadaye, katika ukaguzi wa kawaida barabarani, askari mwenzangu aliisoma kadi ya njano, kisha akainama kuitazama injini. Namba hazikulingana. Mimi, afisa wa polisi, nilisimama kando ya barabara nikiwa sina neno la kujibu. Sikuwa na risiti ya injini ile. Yule mfanyabiashara alipoulizwa alisema aliinunua kwa mpita njia. Pikipiki ilibaki kituoni mpaka jambo lilipofafanuliwa, na injini yangu ya kwanza sikuiona tena.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Fundi mmoja mzee aliniuliza swali moja tu: "Bwana afande, moshi ule ulitoka ukipanda mlima au ukimaliza kushuka?" Nikakumbuka: ulitoka nilipomaliza mteremko na kuongeza mafuta. Akasema, "Basi huenda zilikuwa sili za vali tu." Sili za vali ni mipira midogo. Nilikuwa nimelipia injini nzima, na shaka ya wizi juu yake.

Ndugu zangu, sisi wa Mururu tumejaliwa milima, na milima ni kipimo kizuri cha injini. Mtu anaposhuka kuelekea daraja la Rusizi huku amefunga mafuta, injini huvuta kwa nguvu, na oili hupenya kwenye sili zilizochakaa. Akifungua mafuta tena, moshi wa buluu hutoka mara moja kisha hupungua. Lakini moshi wa buluu ukitoka mfululizo pikipiki inapopanda na mzigo, shaka iende kwanza kwenye ringi za pistoni na silinda.

Moshi mweusi ni habari nyingine. Huo ni petroli nyingi na hewa kidogo: kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, au kabureta iliyorekebishwa vibaya. Tukumbuke kwamba Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa mahali pa chini inaweza kutoa petroli kupita kiasi hapa kwetu. Ugonjwa huo hautibiwi kwa kubadili injini.

Injini ikipoteza nguvu, kipo kipimo kisichohitaji mashine. Fundi huzima swichi, akakanyaga kiki na kusikiliza ugumu wake. Kiki ikiwa laini mno, mgandamizo umepungua. Hapo hutoa plagi, akamimina oili kidogo, kama kijiko kimoja cha chai, ndani ya silinda, akairudisha plagi na kukanyaga tena. Ugumu ukirudi, ringi zimechakaa. Usiporudi, atazame vali au gasketi. Na plagi yenyewe husema: ya rangi ya kahawia hafifu ni nzima, yenye masizi makavu inalalamikia petroli nyingi, iliyolowa oili inathibitisha kwamba oili inaingia isipotakiwa.

Nanyi vijana wa motari, msidhani kila klachi inayoteleza imekufa. Oili fulani za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki zetu nyingi huoga ndani ya oili ileile ya injini. Ukiweka oili isiyo ya pikipiki, klachi huweza kuteleza ingawa sahani zake ni nzima.

Kutokana na hayo, nawaomba mambo manne.

La kwanza, anayenunua pikipiki iliyotumika aikute injini ikiwa baridi. Aiguse kwa mkono kabla ya kuwashwa. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Kisha aipeleke mlimani, apande na ashuke.

La pili, asome namba mbili: ya chesisi, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya usukani, na ya injini, iliyogongwa kwenye bodi ya injini. Zote zilingane na kadi ya njano. Akiona palipopigwa tupa au namba zilizopinda, asitoe pesa, atoe taarifa. Uhamisho wa umiliki ufanyike katika Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, si kwenye kikaratasi cha baa. Na pikipiki iliyonunuliwa ng'ambo haiwi ya Rwanda kwa kuvuka daraja. Ni lazima ipite forodha.

La tatu, fundi aandike ugonjwa alioupima kabla ya kuandika bei. Ahadi ya matengenezo iandikwe: muda wake, vipuri vinavyohusika, na nani analipa. Kipuri kilichotolewa arudishiwe mwenye pikipiki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne, injini nzima ikibidi kubadilishwa, idaiwe risiti yenye namba yake na jina la aliyeiuza, na mabadiliko hayo yapelekwe kwenye usajili kabla ya kurudi barabarani.

Mafundi wetu wasinielewe vibaya. Wengi wao ni watu waaminifu, na karatasi hizi zinawalinda wao pia. Mteja mwenye hasira hukimbilia kusema ameibiwa, kumbe hakuna aliyepima wala aliyeandika. Ugomvi wa bei na kazi uanze kwa mazungumzo mbele ya viongozi wa ushirika au wapatanishi. Lakini wizi, ulaghai na namba zilizofutwa ni makosa ya jinai, nayo yapelekwe kwenye kituo cha RIB kilicho karibu. Palipo na hatari ya haraka, piga 112.

Pikipiki nyingi hapa zimenunuliwa kwa akiba ya kikundi, au kwa ng'ombe aliyeuzwa. Ikikaa kituoni mwezi mmoja, kuna mtoto anayekosa karo. Kwa hiyo, mtu akikuambia injini imekwisha, usiufungue mfuko kabla yeye hajaifungua injini. Mwulize kwa heshima: "Fundi, umepimaje?"

Mwendeshe salama.