Katiba na Kumchagua Rais: Toka 1961 Hadi Leo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Arusha)



Nimetakiwa niseme machache juu ya Katiba. Najua neno hilo likitajwa wengi husinzia, kwa kudhani kuwa ni kitabu cha mawakili na waheshimiwa wabunge. Kwa hiyo sitakizungumza kitabu chote. Nitachukua jambo moja tu: namna nchi yetu inavyompata mtu wa kuiongoza, na namna masharti ya jambo hilo yalivyobadilika toka tulipopata Uhuru mpaka leo.

Kwetu huku chini ya Mlima Meru, swali la nani atuongoze si geni. Waarusha wanaye laigwenani, ambaye hutoka katika rika lake na rika lake humjua. Wameru walikuwa na Mangi, na chini yake washili. Mkoloni alikuja na Gavana, ambaye hakuna mtu wa Tanganyika aliyempigia kura. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, madaraka ya kiserikali ya machifu yaliondolewa nchi nzima kwa sheria.

Hata leo hapa mjini mnaziona njia tatu zikifanya kazi kwa pamoja. Mwenyekiti wa mtaa, awe wa Kaloleni au wa Sekei, huchaguliwa na wakazi wenyewe. Meya wa Jiji huchaguliwa na madiwani. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Watu watatu, njia tatu, na kila mmoja anajua ni nani aliyemweka na ni nani anayeweza kumwondoa. Mtu humtazama usoni yule aliyempa kazi. Ndiyo sababu njia ya kumpata kiongozi si jambo la makaratasi tu.

Sasa tuje kwa mkuu wa nchi. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata Uhuru, mkuu wa Serikali alikuwa Waziri Mkuu. Huyo hakupigiwa kura na nchi nzima. Alikuwa yule mwenye wabunge wengi nyuma yake. Mwalimu Nyerere alishika kazi hiyo mpaka Januari 1962, akajiuzulu, na Ndugu Rashidi Kawawa akashika mahali pake. Mwaka huo huo ikaamuliwa tuwe Jamhuri. Novemba 1962 wananchi wakapiga kura ya Rais kwa mara ya kwanza: Mwalimu Nyerere wa TANU na Ndugu Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Mwalimu alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura.

Toka hapo Katiba imeandikwa upya na kufanyiwa marekebisho mara nyingi: 1964 baada ya Muungano, 1965 Katiba ya Muda, 1977 Katiba ya kudumu tuliyo nayo, kisha marekebisho ya 1984, 1992, 1994, 2000 na mengineyo. Msijaribu kuikariri miaka hiyo kama mnavyokariri majibu ya mtihani. Ni afadhali mjue maswali ambayo Katiba yoyote lazima iyajibu. Mimi nayaona manne.

Swali la kwanza: nani anaruhusiwa kusimama? Mwaka 1962 vyama viwili vilisimamisha watu. Katiba ya Muda ya 1965 ikasema chama ni kimoja. Mgombea Urais akawa mmoja, ameteuliwa na chama, na mwananchi akaulizwa tu: Ndiyo au Hapana. Ni haki tuseme pia kwamba kwa upande wa Ubunge utaratibu ule ulikuwa na ushindani wake. Chama kilileta majina mawili, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, na mwaka 1965 hata Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, alishindwa. Lakini kwa Urais hapakuwa na jembe wala nyumba. Tulipiga kura ya Ndiyo na Hapana mwaka 1965, 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990.

Mwaka 1992 Bunge likarudisha vyama vingi, na 1995 tukawa tena na wagombea Urais zaidi ya mmoja. Walikuwa wanne, na Ndugu Benjamin Mkapa akashinda kwa karibu asilimia 62. Hata hivyo sharti moja lilibaki: lazima mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia. Bunge nalo likabadili Katiba ili kuufunga mlango ule. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge, si la mahakama. Ndipo shauri likaja hapa hapa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama hiyo iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja Mkataba wa Afrika. Mchungaji Mtikila alifariki mwaka 2015, na sharti lile bado limo katika Katiba.

Swali la pili: ushindi ni kiasi gani? Katiba ilipokubali vyama vingi mwaka 1992, ilitaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote halali. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, kura zirudiwe. Mwaka 2000 sharti hilo likaondolewa. Sasa anayepata kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Chukueni mfano wa kiranja mkuu. Wagombea wakiwa watatu, mmoja akapata kura 40, wa pili 35 na wa tatu 25, yule wa 40 atavaa beji ingawa 60 hawakumtaka. Kwa sharti la zamani angerudi uwanjani na yule wa 35, na wale 25 wangeulizwa tena. Njia ya kwanza ni rahisi na gharama yake ni ndogo. Njia ya pili humlazimisha mgombea awaendee hata watu wasiokuwa wake. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya 2010, wanataka zaidi ya nusu ya kura zote na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, ili Rais asiwe wa upande mmoja wa nchi.

Swali la tatu: akae muda gani, na asipoweza kumaliza itakuwaje? Mwalimu alikuwa Rais toka 1962 hadi 1985, miaka 23, na Katiba haikumwekea mpaka. Mpaka uliwekwa mwaka 1984, yeye mwenyewe akiwa bado madarakani: vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Toka hapo Ndugu Mwinyi, Ndugu Mkapa na Ndugu Kikwete kila mmoja alikaa miaka kumi akaondoka. Hilo si dogo. Jirani zetu wa Uganda waliufuta mpaka wa vipindi mwaka 2005, na mwaka 2017 wakaufuta na mpaka wa umri wa miaka 75. Marekani nayo haikuwa na mpaka ulioandikwa mpaka 1951, baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne. Tena kule kila jimbo lina Katiba yake. Katika Virginia, Gavana akimaliza miaka minne hawezi kusimama uchaguzi unaofuata. Katika Vermont na New Hampshire Gavana huchaguliwa kila baada ya miaka miwili.

Zamani Rais wa Zanzibar alikuwa pia Makamu wa Rais wa Muungano. Marekebisho ya 1994 yalibadili hilo: Makamu sasa husimama pamoja na mgombea Urais, kama mgombea mwenza, na mmoja akitoka upande mmoja wa Muungano mwingine lazima atoke upande wa pili. Wengi waliliona hilo kuwa jambo dogo, mpaka tarehe 17 Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki. Katiba haikuhitaji mkutano wala mabishano. Makamu wake, Mama Samia Suluhu Hassan, aliapishwa tarehe 19 Machi. Na Katiba ilikuwa imekwisha kupiga hesabu: Makamu akirithi kipindi kilichobakiwa na miaka mitatu au zaidi, anaweza kugombea mara moja tu, kikibaki chini ya hapo, mara mbili. Vijana wa hesabu, fanyeni wenyewe. Kilichobaki kilikuwa zaidi ya miaka minne.

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote: pakitokea ubishi, nani anaamua? Katiba yetu, ibara ya 41, inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yoyote itakayochunguza uchaguzi huo. Mbunge unaweza kumshitaki kwa habari za uchaguzi wake, Rais huwezi. Wanaotetea sharti hilo wanasema nchi haiwezi kukaa bila kujua Rais wake ni nani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Kenya wameliweka jambo lao kwa siku: siku 7 za kupeleka malalamiko na siku 14 za kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, ukarudiwa, na nchi haikukosa Serikali hata siku moja. Sharti letu nalo lilifikishwa katika ile Mahakama ya hapa Arusha, na tarehe 15 Julai 2020 ikaamua kwamba linapingana na Mkataba wa Afrika. Kabla ya hukumu hiyo, Novemba 2019, Serikali yetu ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa ruhusa ya mtu binafsi kupeleka shauri moja kwa moja katika Mahakama hiyo. Kwa hiyo jengo liko kwetu, lakini mlango wake hatuufikii kama zamani.

Ndugu zangu, sisemi haya ili kuamsha magomvi ya vyama katika mkutano wa shule. Nasema kwa sababu tumeona. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 Tume ilitangaza ushindi wa karibu asilimia 98. Siku hizo hizo palikuwa na ghasia, na watu walikufa. Ninyi vijana mna maoni yenu, na wazee hapa wana yao, wala hayafanani. Jambo moja lakini tunaweza kukubaliana sote: nchi isiyokuwa na mahali pa kupeleka ubishi wa kura, ubishi huo utajitafutia mahali penyewe, na mara nyingi utapapata barabarani.

Je, masharti haya yanaweza kubadilika? Yamekwisha kubadilika mara nyingi, kama mlivyosikia. Swali ni nani anayebadili. Kwa kawaida ni Bunge, kwa theluthi mbili ya kura. Zanzibar, ambayo ina Katiba yake yenyewe ya 1984, iliwahi kufanya vingine. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wa Zanzibar walipiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na theluthi mbili hivi wakasema Ndiyo. Bara tulikaribia kufanya hivyo. Tume ya Jaji Warioba ilikusanya maoni kuanzia 2012, na Oktoba 2014 Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa, yenye mgombea binafsi, ushindi wa zaidi ya nusu ya kura, na nafasi ya kupinga matokeo ya Rais mahakamani. Kura ya maoni ilipangwa iwe tarehe 30 Aprili 2015. Iliahirishwa, na haijapigwa.

Kwa hiyo ninawaachia vijana kazi, na walimu wa Uraia wanisaidie kuisimamia. Itafuteni Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwa Kiswahili. Imeandikwa kwa lugha mnayoisema. Someni ibara ya 37 hadi ya 46. Ni kurasa chache kuliko hadithi mnazosoma kitandani. Kisha fanyeni mdahalo, upande mmoja utetee ushindi wa kura nyingi, upande wa pili ushindi wa zaidi ya nusu. Wiki inayofuata mbadilishane pande. Na mkiandika masharti ya kumchagua kiranja mkuu, yajibuni yale maswali manne: nani asimame, ashinde kwa kiasi gani, akae muda gani, na mkibishana mwende kwa nani. Andikeni kabla ya majina ya wagombea kujulikana, maana mtu akishajua anamtaka nani, huandika sharti la kumfaa mtu wake.

Nanyi wazee wenzangu, wengi wetu tulipiga kura ya Ndiyo au Hapana, kisha tukapiga kura ya vyama vingi, bila hata siku moja kukifungua kitabu chenyewe. Mkiwa na wajukuu wanaofikisha miaka 18 kabla ya uchaguzi ujao, msiwaulize kwanza watampigia nani. Waulizeni kama wanajua kura yao itahesabiwaje, na ikihesabiwa vibaya wataipeleka wapi. Kwa jibu la Katiba ya leo, kama ni kura ya Rais, hakuna pa kuipeleka. Kama jibu hilo linaturidhisha, tuseme. Kama haliturudhishi, tuseme pia, kwa sauti ya kawaida na mchana kweupe, kama tulivyofundishwa kujibu maswali katika madarasa haya.